Nyumba Tuliyoishusha kwa Kreni

Ndeshi mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa mtaa wa Dengfeng na umesema utarudi baada ya chakula, kwa hiyo najua nina jioni nzima. Wewe na hilo neno "baada ya chakula" hamjawahi kuelewana. Masanduku yako yamesimama mlangoni, mvua inanyesha tangu mchana, na mimi nimekaa kwenye hii meza unayosema ina miguu ya mlevi. Sitakuandikia habari za pasipoti, wala za dawa za malaria, wala namna ya kuwajibu watu wa forodha. Kwa kuwajibu watu wa forodha umenishinda tangu ulipokuja huku mtoto wa miaka kumi na miwili. Nataka kukuambia habari za nyumba unayokwenda kuishi.

Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu wiki nzima. Kila nikianza unacheka, unasema "Mama na mambo yake ya Kichaga," nami nacheka na wewe, tunakula, siku inakwisha. Karatasi haitanichekesha.

Unajua kwamba babu yako alinigawia kipande cha chini, kile cha karibu na mfereji. Alinipa akiwa na akili zake timamu, amekunywa mbege kidogo tu, mbele ya bibi yako na mbele ya jirani yetu, Mwalimu Kundaeli. Alipofariki, baba zangu wadogo wakasema mwanamke habebi kihamba. Mwanamke anaolewa, anaondoka, kesho ardhi ya ukoo iko mikononi mwa watu wasiojulikana. Na mimi kuolewa kwenyewe kulinishinda, kwa hiyo hata hawakujua waniweke fungu gani. Tukafika baraza la ardhi la kata. Mwalimu ndiye aliyenitolea ushahidi. Alipanda mlima kwa magoti yake yale mabovu, akasimama na fimbo, akasema alisikia kwa masikio yake mwenyewe. Hakukubali kununuliwa hata soda.

Nikapewa haki yangu. Lakini wakati tunatoka, mzee mmoja wa baraza akaniuliza ninaishi wapi. Nikamwambia Guangzhou. Akaniuliza, "Na hapa nyumba yako ni ipi?" Pale palikuwa na migomba tu. Watu wakacheka, na baba zangu wadogo wakacheka kuliko wote. Niliporudi huku nilikuwa na cheti cha ardhi na hasira, na katika vile viwili, hasira ndiyo iliyofanya kazi.

Ndipo nikaiona nyumba. Nilikwenda kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou kutafuta vifungo na zipu, nikaikuta imesimama katikati ya ukumbi. Mtu wa mauzo alivuta upande huu, akavuta upande ule, na lile boksi jeupe likafunguka likawa nyumba ya vyumba viwili na choo chake. Akaniambia, "Laoban, leo huna nyumba, kesho unayo." Laoban ni mimi, bosi, mwenye kanga kiunoni chini ya koti. Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Unaujua ukumbi wa Pazhou, umati ule na kelele zake. Mlango ulipofungwa sikusikia kitu, hata sauti ya viyoyozi. Palikuwa na kitanda kilichotandikwa, matunda ya plastiki mezani, na dirisha. Nilitarajia kuwaona watu wakipita nje. Nikaona ukuta wa matofali, karibu kabisa na kioo, mtu asingeweza kupitisha mkono. Nilipotoka, ng'ambo ya dirisha hapakuwa na ukuta. Palikuwa na njia pana, na Wakongo wawili wanabishana bei ya jenereta. Nikajiambia ni njaa, sijala tangu asubuhi. Nikaweka oda.

Sasa nikueleze jambo ambalo kosa ni langu kutokukufundisha. Kwetu mpaka hauwekwi kwa ukuta wala waya. Unawekwa kwa masale. Umeyaona mara elfu: ule mmea wenye majani marefu ya kijani ambao hapa Guangzhou wanaupanda kwenye vyungu, wanaufunga utepe mwekundu na kuuweka mlangoni mwa lifti uwaletee bahati. Huku ni pambo. Kwetu sale ndilo linalosema hapa ndipo unapoishia wewe na hapa ndipo ninapoanzia mimi. Linapandwa pia walipolala wazee waliotutangulia. Na mtu akikukosea akakuletea jani la sale kuomba msamaha, hulikatai. Hata kama kakuulia ng'ombe, hulikatai. Anayelikataa hasemwi vibaya na mtu, ila watu huanza kumpisha njiani.

Mstari wa masale uliotutenga na Mwalimu waliupanda wawili, yeye na babu yako, siku Mwalimu aliponunua kile kiwanja kwetu. Nilikuwepo, nilishika ndoo ya maji.

Nyumba ilipofika kijijini, Mjomba wako Anaeli akanipigia simu ya video. Nilikuwa soko la nguo la Zhanqian, kwenye duka la jinzi za watoto, mkono mmoja umo ndani ya suruali napima kiuno.

"Dada, kreni haipiti," akasema. "Labda tung'oe masale."

"Ya kwetu au ya Mwalimu?"

"Masale ya mpaka hayana wa kwetu wala wa kwake, Dada. Unajua."

Nikamwambia, "Ng'oeni. Mtayarudisha kesho."

Nikarudi kwenye suruali yangu. Nilikumbuka hata kumwambia mwenye duka mpira wa kiuno ni dhaifu. Hivyo ndivyo nilivyofanya jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya katika ardhi ile, nikiwa na kichwa kilichojaa habari za mpira wa kiuno.

Waliyarudisha kweli. Anaeli si mwongo. Lakini yalikauka. Ndeshi, sale halikauki. Ukilikata ukalitupa jalalani, linachipua jalalani. Yale yalikauka yote, moja baada ya jingine, kuanzia upande wa nyumba yangu kuelekea upande wa Mwalimu, kama moto unavyotambaa kwenye majani. Wakapanda mengine, nayo vivyo hivyo. Anaeli akaacha kunitumia picha.

Wakati huo Mwalimu alikuwa anauza nyumba yake. Magoti yalikataa kabisa ule mteremko, na mwanawe wa Arusha alikuwa amemtafutia chumba cha chini, karibu na hospitali. Unaikumbuka nyumba ya Mwalimu? Ya matofali ya kuchoma, yenye kibaraza cha saruji nyekundu. Alijenga kwa mshahara wa ualimu, kozi moja ya tofali kila likizo. Mteja wa kwanza aliipenda. Kisha akageuka, akaliona boksi langu jeupe pale kando. Akauliza msingi wake uko wapi, akaambiwa halina msingi. Akauliza mpaka uko wapi, watu wakatazamana. Akasema nyumba iliyokuja kwa lori inaondoka kwa lori, na kesho zitaletwa nyingine kumi, naye hawezi kulipa hela ya nyumba bila kujua atakuwa jirani wa nani. Aliyemfuata akataja bei ya kiwanja kitupu, kana kwamba matofali ya Mwalimu ni magugu ya kufyeka. Baada ya hapo hakuja mtu.

Mwalimu akanipigia. Hakupandisha sauti, hajawahi. Alinisalimia, akakuulizia wewe na masomo yako, kisha akasema, "Mwanangu, nyumba yako inaweza kutembea. Ya kwangu haiwezi. Isogeze wewe."

Alitaka niisogeze tu kule nyuma, karibu na migomba, ambako mteja asingeiona akifika. Ilikuwa kazi ya siku moja. Nami nikamjibu, "Mwalimu, niko ndani ya ardhi yangu."

Akasema, "Sijasema hupo."

Akanitakia siku njema. Ningependa kukuambia nilijisikia vibaya, lakini nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimechoka kuambiwa na wanaume wa mlimani pa kusimama, na huyu, aliyenisimamia kwenye baraza, nikamjumlisha nao. Haki yangu niliipata kwa jasho na sikuwahi kujifunza kuishika bila kukunja ngumi. Sikuambii uiache haki yako. Nakuambia tu kwamba siku ile mkono wangu ulikuwa haufunguki.

Wiki chache baadaye akaja mama mmoja wa Moshi kununua viatu, akaniletea mzigo kutoka nyumbani: unga wa ndizi, kahawa, na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Nikakifungua hapa hapa mezani. Lilikuwa jani la sale, limepigwa fundo. Akasema, "Mwalimu kaniambia nikupe mkononi."

Nilikaa nalo muda mrefu. Aliyekosewa ndiye aliyekuwa ananiomba msamaha. Mtu hufanya hivyo akiwa ameishiwa kila kitu kingine, na kwetu ukipokea jani hilo lazima ujibu. Unapiga simu, unatuma mtu, unasema limefika. Mimi nikalitazama nikajiambia, huku ni China, na China hili ni ua. Kwenye lifti ya jengo letu lipo, kwenye benki lipo, kwa yule anayetengeneza simu lipo na watu wanalizimia sigara. Nikalitia kwenye glasi ya maji dirishani kama watu wa huku wanavyofanya, nikaenda kazini. Sikupiga simu. Mtu wa kwetu pekee ndiye anayeweza kukosea kosa hilo, mwanangu, maana Mchina asingejua na Mchaga aliye kwao asingethubutu.

Utakumbuka ulinicheka nilipoanza kupanda ngazi mpaka ghorofa yetu, ukasema nafanya mazoezi uzeeni. Sikuwa nafanya mazoezi. Niliporudi jioni moja, nilipotoka kwenye lifti nilikuta vyungu vimepangwa upande mmoja wa korido, vya sale, kutoka lifti mpaka mlango wetu. Nikasema ni mapambo ya sikukuu. Kesho yake vilikuwa pande zote mbili. Nilipita katikati kama napita njia ya kwenda nyumbani kwa Mwalimu, na miguu yangu ikaanza kutafuta mfereji wa kuruka. Nikamuuliza ayi, yule mama anayefagia jengo, ni nani aliyeviweka. Akatazama korido, akanitazama mimi, akasema, "Mei you." Hakuna. Sikujua kama anasema hakuna aliyeviweka au hakuna vyungu. Sikumuuliza tena, nikaanza kutumia ngazi.

Halafu kamera. Ile nyumba ilikuja na kamera ndogo kwenye dari, na nilikuwa naiangalia kwenye simu kila nikiona upweke. Ni chumba kitupu tu: kiti bado kiko kwenye nailoni, meza, dirisha linalotazama kwa Mwalimu. Mwanzoni dirishani ilionekana migomba, na nyuma yake ukuta wake wa matofali kwa mbali. Kisha migomba ikawa michache. Kisha ikawa hakuna migomba, ni ukuta. Kila nilipofungua ulikuwa umesogea. Nikamtuma Anaeli na kamba akapime. Akapima, akanipigia, akasema, "Dada, nyumba iko palepale tulipoishusha." Alikuwa amesimama nje, namwona kwenye simu moja, migomba nyuma yake inapepea. Kwenye simu ya pili, ndani, dirisha lote lilikuwa matofali.

Mwalimu alifariki nyumba yake haijauzwa. Unajua kwetu tunazika nyumbani. Walimzika uani, upande wa mpaka. Na nyumba yenye kaburi la mwenyewe haiuzwi tena, kwa hiyo mjane wake, Mama Kunda, hatakwenda Arusha. Atakaa pale, peke yake, na boksi langu. Nilituma rambirambi. Niliituma haraka sana, Ndeshi, kama mtu anayelipa faini.

Sasa nakuja kwenye kilichonifanya nichukue kalamu.

Mwaka jana, msimu wa mvua, nilifungua ile kamera mchana nikiwa kazini. Ndani palikuwa na mtu. Amesimama dirishani, ameipa kamera mgongo. Msichana, nywele amezisuka akazifunga fundo nyuma kama unavyofunga wewe, amevaa koti la kijani lenye ukosi mwekundu. Kiganja chake kilikuwa kwenye kioo. Alikuwa anagonga, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua. Na mbele yake hapakuwa na chochote ila ule ukuta. Nilikupigia papo hapo. Ulikuwa darasani, ukanikaripia kwa kunong'ona, ukasema, "Mama, niko kwenye mtihani wa mazoezi, kuna nini?" Nikasema hakuna kitu. Sijawahi kufurahi kukaripiwa kama siku ile. Asubuhi ulitoka na sweta lako jeusi, hukuwa na koti la kijani.

Nikamwambia Anaeli aizime kamera na kufunga mlango kwa kufuli mbili. Sikukuambia. Nilikuwa nimeshakuandikisha wewe kwenye kile kipande changu, kwa furaha na kwa ubishi, ili baba zangu wadogo wajue kwamba mwanamke habebi tu kihamba, anamrithisha na binti yake. Na wewe ukamaliza famasia yako, ukasema hutaki Dar, unataka kufungua duka la dawa kijijini, mle mle, maana nyumba ipo. Nikakupongeza mbele ya watu.

Jumanne iliyopita ukaingia kutoka sokoni umevaa koti la kijani lenye ukosi mwekundu. Ukazunguka mbele yangu, ukasema mlimani kuna baridi. Nililificha lile koti, ndiyo, ni mimi, usimsingizie tena mwenzako wa chumba cha pili. Asubuhi nikalirudisha, kwa sababu kweli mlimani kuna baridi, na mama hawezi kumpeleka mtoto kwenye baridi bila koti kwa ajili ya kitu alichokiona kwenye simu.

Siku hiyo ndipo nikampigia Mama Kunda. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza ni nani. Nikasema ni Aika, wa kule chini mferejini. Nikasema yote. Nikasema jani lilifika. Nikasema sikujibu. Nililia, na unajua mimi silii ovyo.

Akasema, "Mwalimu alikuwa anaingojea simu hii. Mimi sikuwa naingojea."

Nikamwambia nitaiondoa nyumba. Akaniuliza iende wapi, na imsaidie nini, yeye hauzi tena, au nataka amuuze na Mwalimu pale uani? Hakusema kwa ukali. Kisha akaniuliza kama ni kweli mwanangu anakuja. Nikasema ni kweli. Akauliza atalala wapi.

"Mle ndani kuna mtu anagonga dirisha," akasema. "Tangu mwaka jana. Mimi macho yamekwisha, lakini nasikia. Sauti ya mkono mdogo, wa msichana. Kila akigonga nasema karibu, naye haji. Kama ni wa kwako, Aika, mwambie asigonge dirishani. Apite mlangoni."

Uliporudi ulinikuta nasugua jiko, ukasema linang'aa.

Kwa hiyo nikuambie ninachotaka na nisichoweza. Ninataka nyumba ile isogezwe, au ikunjwe, au iuzwe chuma chakavu. Siwezi kuagiza. Jina lililo kwenye cheti ni lako, na baraza likiulizwa litakusikiliza wewe, si mimi. Hivyo ndivyo nilivyotaka, na nimepata. Utaamua ukiwa pale, kwa macho yako. Huenda utafika ukaona ni boksi la bati lisilo na ubaya, na mama yako amekula chumvi nyingi na upweke mwingi. Sitabishana nawe. Lakini uamuzi huo usiufanyie ndani yake. Usifungue zile kufuli siku ya kwanza. Nimemwambia Anaeli asikupe funguo, na wewe usimbembeleze kwa kumwita Mjomba kipenzi.

Mimi sikuja huku kufuata nguo. Nilikuja kwa sababu niliwahi kulala kwa watu, na wewe mgongoni, nikisikiliza kama mwenye nyumba amechukia. Niliapa hutawahi kumwomba mtu yeyote pa kulala. Ndiyo maana nilitaka kile kipande, ndiyo maana nilileta nyumba kwa meli, ndiyo maana nilisema ng'oeni. Yote niliyoyafanya pale, mazuri na mabaya, ni ili usije ukasimama mlangoni kwa mtu na begi lako.

Kesho utapanda ndege, na ukishuka kwenye gari la Anaeli, pita boksi letu bila kusimama. Nenda kwenye kibaraza chekundu. Piga hodi mlangoni, kwa sauti, maana ni mzee. Akiitikia, mwamkie, mwambie wewe ni mtoto wa nani, kisha mwombe pa kulala. Mwombe, mwanangu. Mimi sikuweza kuomba.

Mama yako,
Aika